Kanzidata za Kasi katika Wingu: Mafunzo Kutoka kwa Waliozitumia

Somo hili limekusudiwa watumishi wa Serikali wanaoshughulika na kumbukumbu, mapato, leseni, afya na usafiri, pamoja na wananchi ambao taarifa zao huwekwa katika kumbukumbu hizo. Linaeleza aina moja ya kanzidata inayosifiwa sana kwa kasi yake, nayo ni ile ijulikanayo kwa jina la NoSQL, ambayo hukodishwa kupitia mtandao kwa utaratibu uitwao wingu. Sifa hiyo ya kasi si ya uongo. Hata hivyo, waliozitumia kwa miaka mingi wameonyesha kwamba kasi hiyo ina bei yake. Anayeilipa mapema hukaa na kupima, kabla ya kuweka taarifa ya kwanza, ni maswali gani atakayoiuliza kanzidata yake. Asiyefanya hivyo huilipa baadaye, kwa fedha na kwa foleni ya watu dirishani.

1. Maana ya maneno

Kanzidata ni ghala la taarifa lililopangwa ndani ya kompyuta ili taarifa ziwekwe, zitafutwe na zirekebishwe kwa urahisi. Kwa miongo mingi ghala hilo limekuwa likipangwa kwa majedwali yanayohusiana, kwa mujibu wa nadharia iliyotolewa mwaka 1970 na Edgar Codd, mtaalamu wa kampuni ya IBM. Lugha inayotumika kuyauliza maswali majedwali hayo huitwa SQL. Ubora wa mpango huo ni kwamba ofisa anaweza kuuliza swali ambalo hakuna aliyelifikiria siku ghala lilipojengwa. Kwa mfano, anaweza kutaka kujua ni wavuvi wangapi wa wilaya fulani waliolipia leseni baada ya mwezi wa Juni ilhali vyombo vyao havijasajiliwa. Kompyuta itayaunganisha majedwali mawili au matatu na kumpa jibu. Udhaifu wake ni kwamba kazi hiyo ya kuunganisha huwa nzito kadiri taarifa na waulizaji wanavyoongezeka, na si rahisi kuigawa kwa mashine nyingi.

Kanzidata za NoSQL huenda njia nyengine, na mfano ulio karibu zaidi na mtumishi wa Serikali ni ule wa masjala. Karani wa masjala akipewa nambari ya jalada huenda moja kwa moja kwenye rafu na kulitoa, hata kama masjala ina majalada laki moja. Akiulizwa ni majalada gani yanayotaja mgogoro wa shamba, hana budi kufungua moja baada ya jengine. Katika NoSQL ya aina inayozungumzwa hapa, nambari ya jalada ndiyo huitwa ufunguo. Mwenye ufunguo hujibiwa mara moja, na asiyekuwa nao hungoja.

Ama neno wingu, maana yake ni kwamba mashine haziko katika jengo la ofisi. Ni seva za kampuni nyengine, zilizowekwa katika vituo vikubwa, na mtumiaji hulipia kiasi anachotumia kama alipiavyo umeme au maji.

2. Chanzo cha kanzidata hizi

Mwishoni mwa mwaka 2004, katika msimu wa sikukuu ambapo wateja huwa wengi, kampuni ya Amazon ya Marekani ilipata matatizo kadhaa katika kanzidata zake za majedwali. Wahandisi wake walipochunguza waligundua jambo la kushangaza. Kiasi cha asilimia 70 ya kazi zilizofanywa na kanzidata hizo zilikuwa za kutafuta kumbukumbu moja kwa ufunguo mmoja. Kiasi cha asilimia 20 nyengine zilihusu safu kadhaa, lakini za jedwali moja tu. Kwa maneno mengine, uwezo mkubwa wa kuunganisha majedwali ulikuwa unalipiwa, lakini kwa sehemu kubwa hautumiki.

Kutokana na uchunguzi huo ilijengwa kanzidata ya ndani iitwayo Dynamo, ambayo maelezo yake yalichapishwa mwaka 2007. Miongoni mwa kazi zake ilikuwa kutunza vikapu vya wanunuzi, ili mteja aweze kuweka bidhaa kikapuni hata pale baadhi ya mashine zinapoharibika. Pamoja na ubora huo, vikundi vingi vya wahandisi wa kampuni hiyo hiyo havikuitaka, kwa sababu kila kikundi kilitakiwa kuifunga, kuilea na kuitengeneza chenyewe. Hilo ni funzo la mwanzo: chombo kizuri kisicho na mtu wa kukihudumia huachwa, na watu huchukua kilicho dhaifu lakini chepesi kutumia. Mwezi wa Januari 2012 kampuni ilianza kukodisha DynamoDB, ambapo kazi ya kulea mashine ilibaki kwa mkodishaji.

Nguvu ya mpango huo imethibitika. Katika mauzo makubwa ya Amazon ya mwaka 2021, yaliyodumu saa 66, DynamoDB ilifikia kilele cha maombi milioni 89.2 kwa sekunde moja, na majibu yalitoka kwa muda usiofika milisekunde kumi.

3. Jinsi mzigo unavyogawanywa

Ili kasi hiyo ipatikane, jedwali hukatwa katika mafungu, na kila fungu huwekwa katika mashine tatu zilizo katika majengo mbali mbali. Ufunguo ndio unaoamua taarifa iende fungu gani. Mtumiaji hulipia vipimo vya kusoma na vya kuandika. Kipimo kimoja cha kusoma hutosha kilobaiti 4 kwa sekunde, na kimoja cha kuandika hutosha kilobaiti 1. Fungu moja haliwezi kupita vipimo 3,000 vya kusoma wala 1,000 vya kuandika kwa sekunde, na kumbukumbu moja haiwezi kuzidi kilobaiti 400. Kwa hiyo picha za hati na vyeti huwekwa katika ghala jengine.

Hapa ndipo watumiaji wa miaka ya mwanzo walipopata taabu. Vipimo vilivyolipiwa viligawanywa sawa kwa sawa kwa mafungu yote. Aliyelipia vipimo 1,000 vya kuandika katika jedwali lenye mafungu kumi alipata 100 kwa kila fungu. Iwapo siku hiyo wateja wote walielekea fungu moja, maombi yao yalikataliwa baada ya 100, ilhali vipimo 900 vimekaa bure. Ajabu zaidi ni kwamba jedwali lilipokua na mafungu yakaongezeka, sehemu ya kila fungu ilipungua, na huduma ikazorota bila ya mtu yeyote kubadilisha kitu. Wengi waliitikia kwa kununua vipimo vingi kuliko mahitaji, na hivyo kulipia kisichotumika.

Baadaye wenye huduma walirekebisha mambo. Vipimo sasa huhamishiwa kwenye fungu lenye mzigo, na tangu Novemba 2018 mtumiaji anaweza kulipia maombi anayopeleka bila ya kukadiria mapema. Hata hivyo, mpaka wa fungu moja umebaki. Hakuna fedha inayoweza kumwokoa aliyechagua ufunguo unaopeleka kazi zote mahali pamoja.

Jambo jengine linahusu nakala tatu za kila fungu. Taarifa mpya huhesabiwa kuwa imeandikwa inapofika katika mashine mbili kati ya tatu, na ya tatu hufuata muda mfupi baadaye. Anayesoma kwa njia ya kawaida anaweza kuangukia nakala iliyochelewa. Anayetaka uhakika huomba usomaji wa uhakika, unaogharimu vipimo mara mbili. Kwa idadi ya waliotembelea maonyesho, kuchelewa huko hakudhuru. Kwa mwananchi aliyelipa ada dirisha la kwanza, kisha akaambiwa dirisha la pili kwamba hajalipa, jambo hilo linadhuru sana. Uamuzi wa usomaji upi utumike wapi unahitaji kauli ya mwenye kazi, na haufai kuachiwa fundi peke yake.

4. Mfano wa risiti za boti

Tuchukue mfano wa kubuni. Ofisi ina risiti milioni 1 za wasafiri wa boti, kila moja ikiwa na kilobaiti 1, na imenunua vipimo 500 vya kusoma kwa sekunde. Ufunguo uliochaguliwa ni nambari ya risiti.

Msafiri anapokuja na risiti yake, jibu hutoka papo hapo. Lakini ikitakiwa orodha ya waliosafiri siku fulani, kanzidata haina njia ila kusoma risiti zote milioni 1, kisha kuzitupa zisizohusika. Ada hutozwa kwa zilizosomwa, si kwa zilizobakishwa. Kwa usomaji wa uhakika, hesabu ni kilobaiti 1,000,000 kugawa kwa 4, yaani vipimo 250,000. Kwa vipimo 500 kwa sekunde, kazi hiyo itachukua sekunde 500, zaidi ya dakika nane, na katika muda huo wasafiri walioko dirishani watagombania vipimo na orodha hiyo.

Lau ufunguo ungekuwa tarehe ya safari ikifuatiwa na nambari ya risiti, siku yenye wasafiri 3,000 ingesomwa kwa vipimo 750, yaani sekunde moja na nusu. Ubaya wake ni kwamba risiti zote za mkesha wa Idi zingeelekea fungu moja. Kwa bandari moja, maandiko 1,000 kwa sekunde ni mpaka usioweza kufikiwa, na ufunguo huo unafaa. Kwa kampuni yenye wateja mamilioni, ufunguo huo huo ungeleta msiba. Inawezekana pia kuongeza faharasa ya pili yenye ufunguo mwengine, lakini kila risiti inayoandikwa italipiwa tena katika faharasa hiyo.

Mfano huu unadhihirisha pia jambo ambalo wauzaji hawalitaji sana. Risiti milioni 1 za kilobaiti 1 ni gigabaiti moja tu. Kanzidata ya kawaida ya majedwali, katika seva moja ya wastani, inazimudu bila ya taabu, na itajibu hata maswali ambayo hayajafikiriwa bado.

5. Yaliyoikuta Discord

Watumiaji wa kanzidata nyengine za jamii hii wamepita njia zinazofanana. Kampuni ya Discord, inayoendesha huduma ya mazungumzo kwa maandishi na sauti, ilianza mwaka 2015 kwa kutumia MongoDB. Ilipofika Novemba mwaka huo ujumbe ulikuwa umefika milioni 100, na taarifa pamoja na faharasa zake hazikuweza tena kuenea katika kumbukumbu ya haraka ya mashine. Kampuni ikahamia Cassandra. Ufunguo uliochaguliwa ulikuwa baraza la mazungumzo pamoja na kipindi cha siku kumi.

Muda si mrefu baraza moja lilianza kuchukua sekunde 20 kufunguka. Lilipotazamwa lilikuwa na ujumbe mmoja tu. Wenye baraza hilo walikuwa wamefuta mamilioni ya ujumbe, na Cassandra haiondoi kilichofutwa papo hapo, bali huweka alama ya kwamba kimefutwa. Hivyo, ili kuonyesha ujumbe mmoja uliobaki, ilibidi mashine zipite juu ya mamilioni ya alama. Kampuni ilipunguza muda wa kuhifadhi alama hizo kutoka siku 10 hadi siku 2, na ikaandika programu yake iruke vipindi visivyo na kitu. Ofisi inayokusudia kufuta kumbukumbu za zamani kwa mkupuo izingatie kisa hicho: katika baadhi ya kanzidata, kufuta nako ni mzigo.

Mwaka 2017 Discord ilikuwa na mashine 12 za Cassandra kwa kazi hiyo. Mwanzoni mwa mwaka 2022 zilikuwa 177, na taabu iliyobaki ni ile ile ya mzigo kuelemea mahali pamoja: tangazo likitolewa katika baraza lenye watu wengi, wote huelekea fungu moja kwa wakati mmoja. Kampuni ilihamia ScyllaDB yenye mashine 72, na uhamishaji ukachukua siku 9. Muda wa kusoma, kwa maombi 99 kati ya kila 100, ulishuka kutoka baina ya milisekunde 40 na 125 hadi 15. Lakini kubadilisha kanzidata hakukutosha. Kabla ya kuhama, wahandisi waliweka mbele ya kanzidata huduma inayokusanya maombi yanayofanana: watu elfu wakiomba ujumbe mmoja kwa wakati mmoja, kanzidata huulizwa mara moja tu, na jibu hugawiwa wote.

6. Hatari ya njia moja

Visa vilivyotajwa vinahusu mzigo kuelemea fungu moja. Kisa cha Oktoba 2025 kinahusu huduma nyingi kuegemea kituo kimoja.

Siku ya Jumatatu, tarehe 20 Oktoba 2025, saa 3 na dakika 48 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, DynamoDB ya kituo cha Virginia huko Marekani iliacha kupatikana. Mashine zenye taarifa hazikuungua. Kilichotoweka ni anwani. Mitambo miwili ya kujiendesha, inayosimamia anwani za huduma hiyo katika mfumo wa majina ya intaneti, iligongana katika kazi, na orodha ya anwani ikabaki tupu. Mitambo ikashindwa kujirekebisha, ikabidi watu waingilie kati. DynamoDB ilirejea saa 6 na dakika 25 mchana, lakini huduma nyengine zilizoitegemea ziliendelea kuyumba hadi karibu saa 6 usiku. Walioathirika ni pamoja na watumiaji wa Snapchat na Signal, na hata tovuti ya mamlaka ya kodi ya Uingereza. Waliokuwa wameweka nakala za majedwali yao katika vituo vya nchi nyengine waliweza kuzifikia nakala hizo, ingawa zilichelewa kulingana.

Wakaazi wa Unguja hawahitaji maelezo marefu juu ya hatari hiyo. Kisiwa kilikosa umeme kwa takriban mwezi mmoja mwaka 2008, na tena kwa miezi mitatu tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, kwa kuwa kilitegemea waya mmoja wa chini ya bahari kutoka Tanzania Bara. Waya mpya wa megawati 100 ulikamilika mwaka 2013. Hesabu ni ile ile kwa taarifa: huduma inayotegemea njia moja husimama siku njia hiyo inapokatika, hata kama ni imara kiasi gani.

Ifahamike pia kwamba milisekunde chache zinazotangazwa hupimwa huko kwenye huduma yenyewe. Mwanga ndani ya waya wa kioo husafiri kiasi cha kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kila kilomita 1,000 za masafa huongeza milisekunde 10 za kwenda na kurudi. Kituo cha Cape Town, kilichofunguliwa mwaka 2020, kiko karibu zaidi na Zanzibar kuliko Virginia, lakini bado ni safari ya maelfu ya kilomita. Mfumo unaomtumikia mwananchi dirishani na kuuliza kanzidata mara ishirini kwa shughuli moja, utailipa safari hiyo mara ishirini.

7. Maswali ya kuzingatia ofisini

Kabla ya mkataba wowote wa kanzidata ya aina hii kutiwa saini, inafaa wakuu wa idara, makarani wa masjala na mafundi wakae pamoja na kujibu maswali yafuatayo kwa maandishi:

(a) Ni maswali gani yataulizwa kila siku, kila mwezi na kila mwaka, na kila swali lina ufunguo gani?

(b) Ni siku gani au tukio gani litakalowapeleka watu wote mahali pamoja, na ufunguo uliochaguliwa utaumudu mzigo huo?

(c) Ni huduma zipi ambazo taarifa iliyochelewa itamdhuru mwananchi, na usomaji wa uhakika umewekwa hapo?

(d) Taarifa ni nyingi kiasi gani kwa hesabu, na je, kanzidata ya kawaida ya majedwali haitoshi?

(e) Nakala ya akiba iko wapi? Katika DynamoDB inawezekana kuirejesha kanzidata katika hali iliyokuwa nayo wakati wowote ndani ya siku 35 zilizopita, lakini ni lazima mtumiaji aiwashe huduma hiyo mapema.

(f) Mtandao ukikatika au kituo kikizimika kwa siku nzima, dirisha litaendeleaje kuhudumia, na nani ameshafanya mazoezi ya utaratibu huo?

Iwapo swali la (a) halina jibu, ofisi haijawa tayari kwa kanzidata ya NoSQL, na si aibu kubaki na majedwali. Iwapo lina jibu kamili, fundi ataweza kuchagua ufunguo unaofaa. Wananchi nao wana haki ya kuuliza maswali ya (c) na (f), kwani wao ndio watakaosimama kwenye foleni.